Spread the Sign, SignBSL au kozi ya kulipia: kiziwi anayeenda Manchester aanze na ipi?

Kipepeo_Likoni
Wadau habari zenu. Mimi ni kiziwi toka utotoni, lugha yangu ni KSL (lugha ya alama ya Kenya), na Septemba naenda Manchester kusoma, nikipata kibarua cha masaa machache pia nitafanya. Kiingereza cha kuandika hakinisumbui, shida ni BSL, lugha ya alama ya Uingereza, sijui hata alama moja. Nimeshapakua Spread the Sign, kamusi ya alama za nchi nyingi, naona watu wanataja SignBSL, kamusi ya vidio vya BSL, halafu kuna hizi kozi za kulipia. Bando si la kuchezea kwa hivyo naomba mnilinganishie. Kuna jamaa kaniambia nisome ASL (ya Marekani) tu YouTube eti wazungu wote wanaielewa, ni kweli?

mama_zuu_mkalimani
Huyo jamaa mpuuze. ASL ina undugu na lugha ya alama ya Ufaransa, BSL ni ukoo mwingine kabisa, kiziwi wa Marekani na wa Uingereza wakikutana wanahangaika japo wote wanasoma Kiingereza.
Anza na alfabeti mdogo wangu. Sisi KSL herufi tunaandika kwa mkono mmoja, wao mikono miwili, a e i o u unagusa ncha za vidole vya mkono wa pili kuanzia dole gumba mpaka kidole cha mwisho. Hiyo haihitaji kozi, klipu moja fupi inatosha, rudia mpaka jina lako na mtaa utakaokaa vitoke bila kufikiria.

Fundi_wa_Tanga
Mimi pia kiziwi, natumia ya Tanzania. Spread the Sign naipenda kwa safari, unaandika neno moja unaona Mwingereza, Mjerumani, Mturuki, Mjapani kila mmoja analifanyaje, ukibadilisha ndege mahali inakusaidia. Lakini kwa mtu anayeenda kukaa nchi moja naona haitoshi, neno unapata klipu moja basi. SignBSL ukitafuta neno hilohilo zinakuja vidio kadhaa za watu tofauti, ndo unaona kumbe wenyewe hawafanani.

Kipepeo_Likoni
Hawafanani kivipi tena?? Nimechoka kabla sijaanza 😂

nyuki_mweusi
Namba na rangi ndo balaa. Manchester namba zao za asili si za London, usije ukaelewana na watu kila kitu halafu bei ikupige chenga. Kuna BSL SignBank, kamusi ya mtandaoni ya chuo kikuu cha UCL cha London, inakuonyesha alama ipi inatumika eneo gani. Sura yake imekaa kisomi lakini namba za mji wako zitafute hapo.

juma_kozi
Nyie wote mnamtupia makamusi, kamusi haifundishi mtu kuongea. Alipie kozi ajifunze kwa mpangilio.

mama_zuu_mkalimani
Juma hapo tunatofautiana. Kozi nyingi za mwanzo zimetengenezwa kwa wanaosikia, wiki nzima wanafundishwa kutumia uso na macho, kitu ambacho huyu anacho toka darasa la kwanza. Pesa yake itaishia kwenye salamu. Akishika alfabeti na namba aende BSL Zone, vipindi vya viziwi wenyewe, bure, na maandishi ya Kiingereza chini, hapo ndo atazoea mwendo wa mikono yao na sentensi zinavyopangwa. Kozi ingekuwa mumewe anayesikia ndo anauliza ningesema sawa.

Kipepeo_Likoni
Mume sina dada, endelea 😅 Na dharura je, usiku niko peke yangu?

Fundi_wa_Tanga
Namba ya dharura huko ni 999, na tangu Juni 2022 kuna 999 BSL, unafungua apu unampata mkalimani kwa vidio, yeye ndo anaongea na polisi au ambulensi, hulipi. Ila ni BSL, na wewe wiki za kwanza bado. Kwa hiyo weka pia Relay UK, unachapa ujumbe, mtu anausoma kwa sauti kwa yule unayempigia. Vyote viwili weka ukifika tu, usingoje uumwe. Dukani na mapokezi apu ya Live Transcribe inatosha, ongea yao inakuwa maandishi, kwenye kelele tu ndo inachapia.

nyuki_mweusi
Uwanja wa ndege Manchester omba ile kamba ya shingoni yenye maua ya alizeti, wanatoa bure, wafanyakazi wakiiona wanajua uko na ulemavu usioonekana, hawakupigii kelele mgongoni.

mama_zuu_mkalimani
Na hospitali. NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huko, wana wajibu wa kuleta mkalimani na wao ndo wanalipa, usikubali kuambiwa njoo na rafiki. Lakini mkalimani wa BSL atakufaa nini kama BSL yako bado changa, kwa hiyo ukijisajili kwa daktari waandikie wazi: mawasiliano kwa maandishi kwa sasa, simu hapana, ujumbe mfupi ndiyo. Miezi ikienda, BSL ikikaa vizuri, unarudi unawaambia wabadilishe.

Kipepeo_Likoni
Sawa, alfabeti leo usiku, namba za Manchester kesho, kozi nimeifuta. Juma usininunie.

juma_kozi
Sinuni. Ukikwama sentensi ya tatu utanitafuta.