Tupeane uzoefu: usiku wa mafuriko, ulijuaje kwamba saa ya kutoka nyumbani imefika?

Ndugu zangu wa Nairobi, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo moja tu, yaani ile saa ambayo mtu huamua kuacha nyumba yake na kutoka, iwe ni kabla ya maji kumfikia au baada ya kuchelewa. Masika ya mwaka 2024 yalitufunza kwa uchungu mkubwa. Watu zaidi ya 200 walifariki nchini, na shule hazikufunguliwa muhula wa pili hadi tarehe 13 Mei, kwa sababu madarasa mengine yalikuwa yamejaa maji na mengine yalikuwa yamejaa familia zilizokimbia maji. Tumezungumza sana kuhusu nani alaumiwe, na mazungumzo hayo yana haki yake. Hapa ninaomba tuambiane tulichokiona kwa macho yetu, kwa sababu jirani wa kesho anaweza kuokolewa na ishara uliyoiona wewe mwaka ule.

Ninaanza na langu. Ninaishi Mukuru, hatua chache kutoka Mto Ngong, na usiku huo kwetu hakukunyesha hata tone. Tangu alasiri tulikuwa tumesikia ngurumo za mbali upande wa Dagoretti na vilima vya Ngong, lakini nikajiambia kwamba mvua ya huko si yetu. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu, kwani mito ya Nairobi hutoka magharibi, kwenye miinuko, na kuteremkia kwetu mashariki, kwa hiyo mvua ya Dagoretti hufika Mukuru baadaye ikiwa imekwisha kuwa mto. Mnamo saa nne usiku nilitoka kumwaga maji ya vyombo, nikamulika mto kwa tochi ya simu, nikaona rangi yake imebadilika. Maji yetu huwa meusi mwaka mzima kwa sababu ya majitaka, na usiku huo yalikuwa mekundu kama udongo wa shamba, yamebeba vijiti, mitungi na majani ya migomba. Hapa chini hatuna udongo mwekundu. Nilielewa kwamba ardhi ya huko juu ilikuwa inapita mbele ya mlango wangu.

Niliwaamsha watoto, nikachukua kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, sare za shule na dawa za mama, nikaacha mtungi wa gesi na godoro. Tulitoka saa nne na nusu. Saa tano na robo maji yalikuwa yamefika kwenye kufuli.

Mchangiaji kutoka Mathare

Dada, pole sana. Sisi hatukuona rangi wala kusikia chochote, kwa maana mvua ya usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024 ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu kiasi kwamba mtu hakuweza kusikia sauti ya aliye kando yake. Niliamka kwa sababu mgongo wangu ulikuwa na baridi. Tunalala sakafuni, na godoro lilikuwa limekwisha kunywa maji. Niliposimama yalikuwa kwenye vifundo vya miguu, na nilipomaliza kumbeba mtoto wa pili yalikuwa magotini.

Jambo ambalo ningependa kila mtu alijue ni la mlango. Mlango wetu hufunguka kwa nje, na maji yaliyokuwa uani yaliusukuma kutoka upande ule mwingine, hata watu wazima wawili hatukuweza kuusogeza. Mume wangu alilichana bati la ukuta wa nyuma kwa panga, tukapitisha watoto kwanza, kisha tukapanda juu ya nyumba ya jirani iliyojengwa kwa mawe. Tulikaa hapo hadi mapambazuko pamoja na watu kama thelathini, tukiwa tumefunikwa kwa turubai moja. Tangu wakati huo panga na nyundo huning'inia juu ya kitanda, si chini yake, kwa kuwa kitu kilicho chini hakipatikani gizani ndani ya maji. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo haitozwi malipo, nimeiandika ukutani kwa rangi.

Ningependa pia kuwatetea waliobaki nyumbani. Mama yangu mdogo alikataa kuondoka jioni ile ingawa alikuwa ameonywa, na watu wengi walimwita mkaidi. Alikuwa na mashine ya kushonea ambayo ndiyo ilikuwa inalisha watu watano, na katika mvua zilizotangulia nyumba zilizoachwa wazi ziliibiwa usiku huohuo. Mtu anayelinda chakula chake si mjinga. Kama tunataka watu watoke mapema, ni lazima pawe na mahali pa kuweka mali zao, hata kama ni chumba kimoja cha kanisa chenye kufuli na mlinzi anayejulikana.

Mchangiaji kutoka South C

Ninaandika kutoka mtaa ambao wengi hudhani hauguswi na mafuriko. Kwetu maji hayakutoka mtoni, yalitoka chini. Udongo wa upande huu ni ule mweusi wa mfinyanzi, ambao ukishashiba maji haupitishi tena hata kidogo, na mitaro ya barabarani ilikuwa imezibwa na taka na vifusi vya ujenzi. Ishara ya kwanza ilikuwa choo cha chini, ambacho kilianza kutoa mapovu na sauti ya kukoroma, kisha maji machafu yakapanda. Ilikuwa yapata nusu saa kabla ya ua kujaa. Yeyote anayeishi nyumba ya chini katika mitaa hii na asikie choo chake kikikoroma wakati wa mvua kubwa, azime swichi kuu ya stima kwanza, kabla ya kuinua zulia au kiti chochote. Mimi niliinua zulia kwanza, na soketi za ukutani zilikuwa tayari zimelowa. Ninamshukuru Mungu kwamba ninayaandika haya.

Kuhusu magari, maji yanayotiririka yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kulielesha gari dogo na kulitoa barabarani. Nililishuhudia hilo kwenye Barabara ya Mombasa, gari lililokuwa mbele yangu likigeuka polepole kama sufuria ndani ya karai.

Mchangiaji wa bodaboda, Eastleigh

Nikiona wenzangu wamesimama kwenye kituo cha mafuta, nami ninasimama. Maji hufunika mashimo ya mitaro iliyoibiwa vifuniko, na hakuna abiria wala nauli inayostahili shimo hilo.

Mchangiaji, mwalimu, Kibera

Shukrani kwa mada hii. Wengi wametaja maji, nami ningependa kutaja radi, kwa sababu ndiyo hutangulia. Katika miezi ya mvua asubuhi huwa na jua kali, ardhi hupata joto, na kufikia saa tisa alasiri mawingu huwa yamesimama kama minara. Huo ndio wakati watoto wako uwanjani. Nimewafundisha wanafunzi wangu kuhesabu kuanzia wanapouona umeme hadi wanaposikia ngurumo, kila sekunde 3 zikiwa karibu kilomita moja. Hesabu isipofika 30, mpira unaachwa ulipo na kila mtu anaingia darasani, wala hakuna anayesimama chini ya mkalitusi. Wazazi wawili waliona ninawatia watoto hofu. Mimi ninaona kwamba mtoto anayejua kuhesabu ana hofu ndogo kuliko yule anayeziba masikio.

Mzee mmoja jirani yetu, ambaye aliiona mvua ya El Niño ya mwaka 1997, hutuambia kwamba wakati ule Bwawa la Nairobi, ambalo Mto Ngong hulipitia kabla ya kufika Mukuru, lilikuwa bado lina nafasi ya kupokea maji. Leo limejaa matope na magugumaji, kwa hiyo maji ambayo yangepumzika hapo huendelea na safari yake hadi kwa dada yetu wa Mukuru.

Mwanzilishi wa mada

Mwalimu, maneno ya huyo mzee yamenigusa, kwa maana sikuwahi kufikiria kwamba maji yaliyofika kwenye kufuli langu yalikosa pa kupumzika njiani. Dada wa Mathare, baada ya kusoma habari za mlango wako nilimwita fundi, na kesho atageuza bawaba za mlango wetu ili ufunguke kwa ndani. Nina swali moja ambalo halijaguswa: wenye wagonjwa wasioweza kutembea wanafanya nini? Nusu saa iliyonitosha mimi haiwezi kuwatosha wao.

Mchangiaji kutoka Mukuru, ng'ambo ya daraja

Nitakujibu, kwa sababu baba yangu amepooza upande mmoja tangu mwaka 2021. Sisi hatungoji rangi ya mto. Tukisikia ngurumo upande wa Ngong kabla ya jua kuzama, vijana wawili wa ploti yetu huja na mkokoteni, tunamlaza baba juu ya magunia na kumfunika kwa nailoni, kisha tunampeleka kwa dada yangu kule juu barabarani, akalale huko. Vijana hao tumewalipa chakula cha jioni, wala hawajawahi kudai zaidi. Katika masika yale tulimbeba mara nne bure, na kila mara alilalamika kwamba tumemtoa kwenye joto la kitanda chake kwa ajili ya mvua ya watu wengine. Mara ya tano tuliporudi asubuhi, tope lilikuwa limepita juu ya godoro lake na kuufunika mto aliokuwa akilalia kichwa.