Ushauri: nataka kompyuta initabirie mtoto atakayezidiwa usiku

NesiWaEastlands: Hamjambo wadau. Mimi ni nesi wadi ya watoto, hospitali moja hapa Nairobi. Usiku tunabaki wachache na watoto wa nimonia wamejaa. Nina rekodi zetu kwenye Excel: umri, uzito, joto, pumzi kwa dakika, oksijeni, na kama mtoto alipona au alifariki. Python, lugha ya kuandikia programu, najua kidogo. Nianze na modeli gani, yaani hesabu ya kutabiri?

Takwimu_Ngara: Dada, modeli isubiri. Tazama kwanza safu ya oksijeni, uhesabu nafasi tupu. Mara nyingi hupimwa mtoto anayeonekana kuzidiwa, kwa hiyo pengo nalo linasema kitu. Ukilijaza wastani umefuta habari hiyo. Halafu jaribu vigezo vya WHO (Shirika la Afya Duniani) peke yake: pumzi 50 kwenda juu kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 kwenda juu kwa wa mwaka 1 hadi 5, oksijeni chini ya asilimia 90. Modeli isiyovishinda hivyo haina kazi wadini. Ukifika huko, rigresheni ya lojistiki (hesabu inayotoa uwezekano wa jambo kutokea kutokana na vipimo) inatosha, maana daktari anaweza kuisoma.

DktZamu: Kweli kabisa. Na uwe makini na matibabu yenyewe. Mwaka 2015 Rich Caruana na wenzake kule Marekani walieleza modeli ya nimonia iliyojifunza kwamba mwenye pumu ana hatari ndogo ya kufa! Sababu ni kwamba wenye pumu walikuwa wakikimbizwa wodi ya wagonjwa mahututi na kuhudumiwa kwa karibu sana. Ukiifuata modeli hiyo, unawarudisha nyumbani watu wanaohitaji kitanda. Tumia vipimo vya saa ya kulazwa tu, kabla mtoto hajawekewa chochote.

Mwanasheria254: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu data za afya kuwa nyeti. Toa majina na namba za faili, pitia kamati ya maadili, na usizibebe kwenye laptopu yako.

NesiWaEastlands: Asanteni sana. Nimehesabu. Nafasi tupu nyingi ni za zamu ya usiku. Kifaa cha kidole cha kupimia oksijeni tunacho kimoja, na jioni hufungiwa kabatini, ufunguo unaondoka na wa mchana. Nitamwona matroni kesho.

Takwimu_Ngara: Nenda. Na siku ufunguo utakapobaki wadini, andika tarehe, ili ulinganishe kabla na baada.