Wakuu, naombeni filamu ya Australia ya kutazama na bi mkubwa

Mrangi wa Area C:
Habari za jioni wakuu.

Mdogo wangu wa mwisho kapata nafasi ya kusoma Perth, Februari anapanda ndege. Bi mkubwa katoka Kondoa kuja kumuaga, na kila siku baada ya Isha swali ni lile lile: "Huko kwenyewe kukoje?" Nikaona badala ya kupiga maneno nimtafutie filamu ya huko huko ajionee.

Nikaweka Talk to Me, kwa kuwa vijana wanaisifia. Jamani! Kuna mkono wa maiti uliokaushwa, watoto wa sekondari wanaushika kwa zamu, wanawasha mshumaa, halafu wanaukaribisha mzimu uwaingie. Bi mkubwa alikuwa na sahani ya karanga mapajani. Nikajitia kutafsiri: "Binti anasema nakuruhusu uingie." Karanga zote chini, mama anasoma Ayatul Kursi kwa sauti. Sasa hataki mtoto aende. Eti nchi inayochezea majini kiasi hicho hapeleki mwanawe.

Ipo ya karibuni ambayo naweza kukaa nayo sebuleni na mama wa miaka 68 pamoja na watoto wawili wa shule ya msingi? Kiingereza hajui, mkalimani ni mimi.

Kipanga Mzee:
😂😂 Pole mkuu. Wale mapacha Philippou walioiongoza Talk to Me walianzia YouTube na hawana masihara. Bring Her Back yao ya 2025 usiithubutu kabisa. Mwambie mama ile ya mkono wameichezea Adelaide, kutoka hapo hadi Perth ni zaidi ya kilomita 2,000. Majini yatachoka njiani.

Dereva wa Fuso:
Furiosa, 2024. Mchezo umekwisha.

Binti Pangani:
@Dereva wa Fuso mama wa watu anataka kujua mwanawe anakwenda kuishi wapi, wewe unamwekea magenge ya pikipiki? Halafu aangalie asije akachukua ile ya 2015 ya mfululizo huo huo wa Mad Max, Fury Road. Jangwa lile ni la Namibia. Walipanga kurekodi Broken Hill, huko huko Australia, mvua ikanyesha, jangwa likaota maua, ikabidi wahamie Afrika. Atamwonyesha mama Namibia huku akimwambia ndiyo Australia.

Dereva wa Fuso:
Hilo la maua sikulijua. Nimekaa.

Mama Nuru:
Mimi naongeza onyo. Asikudanganye mtu na vile vikaragosi vya udongo vya Memoir of a Snail ya 2024. Niliwakalisha wanangu nikidhani katuni. Kumbe ni mapacha waliofiwa na baba wakatenganishwa, huyu huku yule kule, na ndani yake mna mambo ya wakubwa kabisa. Nikaizima haraka. Usiku nikaimalizia peke yangu, nikalia hadi mto ukalowa. Mwaka ule sikuona nzuri zaidi. Ila si ya sebuleni.

Msukuma Ughaibuni:
Niko Perth mwaka wa sita sasa. Mkuu, chukua Runt ya 2024, tena imerekodiwa huku huku Australia Magharibi. Familia ya wafugaji wa kondoo, ukame umewakaba, na binti yao ana mbwa wa kuokota mwenye mbio za ajabu ila akitazamwa na mtu mwingine hakimbii. Watoto wataipenda. Ikiwanogea ongeza Blueback ya 2022, ina bahari na samaki mmoja mkubwa wa buluu, nayo ni ya upande huu.

Mdogo wako naye, kabla hajafunga sanduku, aangalie Sweet Country ya Warwick Thornton, 2017. Peke yake, si na mama. Mwenyeji wa asili wa Australia, mtu mweusi, anampiga risasi mzungu akijitetea, miaka ya 1920, halafu anasakwa nyikani. Karibu haina muziki, unasikia nzi na upepo tu. Akifika huku atasikia mikutano mingi ikifunguliwa kwa kuwataja Wanoongar, wenyeji wa asili wenye ardhi ya Perth. Ni vizuri aje akijua watu wanakwepa kusema nini hapo, yaani jinsi wenyeji hao walivyonyang'anywa ardhi.

Mrangi wa Area C:
Mrejesho wakuu. Jana Jumamosi tumetazama Runt.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa ngumu. "Mbwa anaingia mpaka ndani? Chombo akilamba si kinaoshwa mara saba?" Nikatulia. Ilipokuja ardhi iliyopasuka na kondoo wamesimama kwenye vumbi, akasogeza kiti karibu na TV. "Kumbe na wao mvua inawanyima." Kuanzia hapo hakutaka nitafsiri, yeye ndiye anawaeleza wajukuu. Ugomvi wake ukawa na yule tajiri jirani aliyejilimbikizia maji: kijiji kizima hakina hata mwenyekiti wa kumwita?

Asubuhi kamwita mdogo wangu, kampa elfu hamsini za safari na sharti moja: asipange nyumba yenye mbwa.

@Msukuma Ughaibuni, nyumba za hivyo zipo?