Msusi wa Kenya kufungua saluni Arusha: leseni iandikwe jina la rafiki?

SukaPole (Githurai)

Hamjambo nyote. Mimi ni msusi, na wateja wangu wengi siku hizi ni akina dada wa Arusha wanaokuja Nairobi kununua nguo za kuuza. Wao ndio wamenitia hii hamu. Wanasema nikihamia kwao na rasta zangu zisizo na fundo, sitapata hata nafasi ya kukaa.

Mmoja wao amepata fremu, yaani chumba cha duka, mtaa wa Sakina huko Arusha, kando ya barabara. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, kitu ambacho huku hatujazoea. Mpango wake ni kwamba leseni na namba ya mlipakodi ziwe kwa jina lake, mimi nitoe pesa na nifanye kazi, faida tugawane. Ati mpakani Namanga nigongewe muhuri tu, muda ukikaribia kuisha nitoke nirudi tena.

Mume wangu hataki kusikia. Anasema kuna sheria mpya ya wageni. Dada naye anasema hiyo ni ya Wachina wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Nani yuko sawa? Na kama leseni haiwezekani, si aniajiri tu? Pesa ya kodi inatakiwa Ijumaa.

Mtulivu_TZ

Njoo bila wasiwasi. Sote ni Afrika Mashariki, soko la pamoja lipo tangu 2010. Mbona Wakenya wamejaa Arusha?

Mama_Hesabu (Arusha)

Huyo hapo juu anakupeleka pabaya, mdogo wangu. Kazi yangu ni kuwaandalia wafanyabiashara hesabu na kuwafuatilia leseni, kwa hiyo haya ndiyo ninayoshinda nayo.

Mumeo yuko sahihi. Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara alitoa amri yenye biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Saluni imo. Imo pamoja na ufundi simu, uwakala wa pesa za mitandao, kuongoza watalii, usafi wa nyumba na ofisi, udalali wa nyumba, uchimbaji mdogo, kununua mazao shambani. Ni kweli kelele nyingi zilitoka Kariakoo, wenzetu wakilalamikia Wachina wanaouza rejareja. Lakini amri haikutaja Mchina. Imesema asiye raia, na Mkenya si raia. Walioachiwa nafuu ni wale waliokuwa na leseni tayari, wamalizie muda wake. Wewe ndio kwanza unaanza.

Serikali yenu ilipinga, ikasema inakwenda kinyume na soko la pamoja. Wabishane wakubwa. Afisa biashara akiingia dukani habebi itifaki, yaani mkataba wa hilo soko la pamoja, anauliza leseni. Na hiyo itifaki yenyewe, uhuru wake wa kufanya kazi unakwenda kwa orodha: kila nchi iliandika kazi gani imezifungua na kwa masharti gani.

Sasa tuje kwenye jina la rafiki, maana hapo ndipo ninapoona watu wakiumia. Wewe ukikamatwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili, na kibali cha ukaazi kama unacho kinafutwa. Raia anayekusaidia ni faini ya milioni 5 au miezi 3 ndani. Dada yako anajua hilo? Nadhani hajui, angejua asingekuwa na haraka ya Ijumaa.

Tena tuiache amri kwanza. Mkataba wa fremu jina lake, leseni jina lake, mashine ya risiti jina lake. Viti, vioo na madraya umenunua wewe. Siku mkikosana utakwenda kushtaki wapi, na useme nini? Kwamba ulikuwa unafanya biashara uliyokatazwa? Nimeshuhudia mtu akiondoka na begi la nguo, madraya yamebaki yanaunguruma na wateja wako kwenye foleni.

Na usije ukafikiri utaponea kwenye kuuza rasta za pakiti. Rejareja nayo imo, zimeachwa supamaketi.

Kuhusu kuajiriwa: muhuri wa Namanga ni wa kutembea. Kazi inataka kibali kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kisha kibali cha ukaazi daraja B, la wageni walioajiriwa, kutoka Uhamiaji. Chini ya sheria ya ajira za wageni ya 2015, mwombaji ni mwajiri, na lazima aeleze alivyomtafuta Mtanzania akamkosa, na atamwandaaje Mtanzania aje kushika nafasi hiyo. Saluni ya fremu moja Sakina ikaandike kwamba Arusha nzima hakuna msusi? Ofisi itacheka.

SukaPole (Githurai)

Asante sana mama, umenifungua macho. Lakini kuna mteja aliniambia saluni za hoteli zimeachwa. Ni kweli ama ni maneno tu?

RuakaToArusha

Ni kweli, amri imeziacha saluni za hotelini na zile za utalii. Mimi ni Mkenya, nafanya masaji kwenye hoteli moja huku. Lakini usidhani kuachwa huko kunaondoa kibali cha kazi. Hoteli ndiyo iliniombea, na mimi nikakaa kwetu Ruaka mpaka karatasi zote zikatoka, sikuvuka kabla. Kibali kina jina la mwajiri na kazi yenyewe. Hoteli ya jirani waliponiita niwasaidie wikendi nilikataa, kwa sababu nikivuka ile lango niko bila kibali. Muda ni miaka 2 kwa wingi, halafu unahuisha.

Kitu kingine, wewe unapenda rasta. Mtalii anayetoka Serengeti anataka mistari miwili mitatu kando ya sikio apige picha, sio kukaa saa sita kwenye kiti. Na wale dada wa Arusha unaowasuka hawatakufuata hotelini. Bei ya soda tu itawafukuza getini.

Mama_Hesabu (Arusha)

Na kama unaowataka ni hao hao akina dada, mbona usifungue Namanga upande wa Kenya? Leseni unakata kaunti ya Kajiado kwa jina lako mwenyewe, humwogopi mtu. Wakienda Nairobi wanapita hapo, wakirudi na mizigo wanapita hapo. Kutoka Arusha ni kama kilomita 110. Mimi mwenyewe nimewahi kwenda mbali zaidi kwa ajili ya kichwa cha harusi.

SukaPole (Githurai)

Nimempigia dada. Hakujua habari ya milioni 5, na amewaka kweli, ingawa si kwangu. Amewaka kwa dalali aliyemwambia jambo hili ni la kawaida. Pesa ya Sakina hatutoi.

Hiyo ya Namanga sikuwa nimeifikiria. Kuna mtu anajua duka dogo karibu na steji linaenda pesa ngapi kwa mwezi? Na maji je, yanakuja kila siku ama ni ya kununua mitungi? Bila maji ya kuosha nywele sina kazi hapo.