Mjadala: Mashirika ya kupambana na njaa Marekani yaangalie rangi, au yaangalie njaa tu?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wa nne najitolea kwenye kituo cha kugawa chakula hapa Marekani, na hili naomba tulijadili bila kufichana. Kwenye kikao chetu kilichopita ilitolewa hoja kwamba tufute maneno "usawa wa rangi" kwenye maandiko yetu yote. Tangu Januari 2025, Rais Trump aliposaini amri dhidi ya mipango ya namna hiyo serikalini na kwa wanaopokea ruzuku za serikali, wakubwa wetu hawalali. Walioiunga mkono hoja walisema njaa haina rangi: mtu apange foleni, apewe boksi la chakula, aende.

Nilipinga na bado napinga. Takwimu za Wizara ya Kilimo za mwaka 2023 zilionyesha asilimia 13.5 ya kaya zote nchini zina uhaba wa chakula. Ukizichambua, kaya za Wazungu ni asilimia 9.9, za Walatino 21.9, za Weusi 23.3. Pengo hilo lina historia yake. Mwishoni mwa 1962, kaunti ya Leflore huko Mississippi, Weusi walipoanza kujiandikisha kupiga kura, viongozi wa kaunti walisimamisha mgao wa chakula cha serikali kuu uliokuwa ukiwafikia zaidi ya watu 20,000, wengi wao Weusi. Vijana wa SNCC, kundi la wanafunzi waliopigania haki za Weusi, wakakusanya chakula miji ya kaskazini na kukipeleka kwa malori. Mchekeshaji Dick Gregory akakodi ndege. Chakula kiligeuzwa fimbo, na aliyeishika alijua vizuri anamchapa nani. Leo tunaambiwa rangi isitajwe kabisa, eti hiyo ndiyo haki?

Naomba nieleweke. Sisemi mtu aulizwe rangi ndipo ahudumiwe. Nauliza nani anapanga. Kituo chetu kinafunguliwa Jumanne, saa nne asubuhi hadi saa sita mchana. Nani ana nafasi muda huo? Sisi tunaojitolea, wengi wetu wastaafu. Mama anayesafisha vyumba hotelini yuko kazini. Foleni yetu kwa sehemu kubwa ni Weusi na wahamiaji, na kwenye bodi hakuna hata mjumbe mmoja aliyewahi kusimama pale.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, nakuheshimu ila hapa hatuko pamoja. Asilimia umezitaja, taja na idadi: ukihesabu kaya mojamoja, zenye uhaba zilizo nyingi kuliko zote ni za Wazungu. Nimeishi West Virginia. Kule kuna mzee ambaye mgodi wake ulishafungwa, mapafu yamekwisha, na duka la chakula liko mbali hata kwa gari. Akisikia shirika linajinadi kwa usawa wa rangi, anajua halimhusu, haji. Aibu ilikuwa inamzuia tayari, sasa unamwongezea sababu.

Halafu Sheria ya Haki za Raia ya 1964 inakataza kubagua kwa rangi katika huduma yoyote inayolipiwa na serikali kuu. Vituo vinavyogawa chakula cha serikali vinatakiwa kubandika bango lake ukutani. Mnataka nini zaidi? Na tuseme ruzuku imekatwa kwa ajili ya maneno mawili, nani atalala njaa wa kwanza? Ni haohao unaowatetea. Saa za kufungua badilisheni hata kesho, hazihitaji tamko.

Mchangiaji wa tatu

Kaka, niruhusu niseme kama mtu wa ile foleni. Nilifika nchi hii mkimbizi, na watoto watatu. Boksi langu la kwanza lilikuwa na nyama ya nguruwe ya kopo. Sisi ni Waislamu. Nikairudisha kwa adabu, nikajibiwa kuwa mwenye njaa hachagui. Yule binti sidhani alikuwa na roho mbaya, nadhani alikuwa amechoka. Siku nyingine nikaombwa mlangoni vielelezo vya uraia, na sharti hilo halikuwapo. Jirani yangu Mzungu aliyenitangulia hakuombwa chochote. Bango unalolisema lilikuwapo ukutani, nalikumbuka vizuri. Sikuweza kulisoma.

Mambo yalibadilika walipomwajiri mama mmoja wa Kikongo anayejua Kiswahili. Hazikupita wiki nyingi, mchele na maharage makavu yakaanza kuja kwa wingi, na yale makopo yakawaendea wanaoyapenda. Hakuna Mzungu aliyepunjwa. Na huyo mzee wako wa mgodini, kaka, akipewa kiti kwenye bodi ya kwao mimi nitafurahi kweli, maana naamini naye kuna mtu anamwamulia bila kumuuliza.

Mchangiaji wa nne

Mnaongelea boksi tu. Shamba je? Benki za chakula, yaani maghala yanayovilisha vituo kama hivi, zinaponunua mboga, zinanunua kwa nani?

Fannie Lou Hamer, mama Mweusi aliyepigania haki za raia, alifukuzwa mwaka 1962 kwenye shamba alilolitumikia miaka 18, kwa kosa la kujaribu kujiandikisha kupiga kura. Baadaye akaanzisha ushirika wa Freedom Farm huko kaunti ya Sunflower, Mississippi. Walilima mboga pamoja, na walikuwa na benki ya nguruwe: familia inapewa jike, likizaa inarudisha baadhi ya watoto ili familia nyingine nazo zipate. Hoja yake ilikuwa kwamba mwenye chakula chake hatishiki. Sasa angalieni: mwaka 1920 wakulima Weusi nchi hii walizidi 900,000, leo hawafiki 50,000. Katika kesi ya Pigford, mwaka 1999, Wizara ya Kilimo ilikubali kuwalipa fidia wakulima Weusi waliolalamika kubaguliwa kwenye mikopo.

Mwaka 2021 ukaanzishwa mpango wa LFPA, majimbo yakipewa fedha za kununua chakula kwa wakulima wa karibu, wakiwamo waliowekwa pembeni miaka mingi, kiende kwenye benki za chakula. Hapo foleni na shamba vilikutana. Machi 2025 wizara ikaifuta awamu iliyokuwa inafuata.

Mchangiaji wa pili

Kwenye shamba sina jibu. Na dada, pole sana kwa yaliyokupata, sikulifikiria bango hivyo. Ila bado jambo moja linanisumbua. Kwa kila mlo mmoja unaotoka kwenye mtandao wa benki za chakula, SNAP, ile kadi ya serikali kuu ya kununulia chakula, inatoa tisa. Tukimalizia nguvu kwenye viti vya bodi, SNAP inalindwa na nani?

Mleta mada

Ni kweli, na ndiyo sababu siwezi kunyamaza. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imewatoa wakimbizi kwenye SNAP mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Dada yetu hapo juu angefika leo na wanawe watatu, hiyo kadi asingeipata. Sheria hiyohiyo imepandisha sharti la kufanya kazi ndipo upate SNAP mpaka umri wa miaka 64, kwa hiyo na majirani wa mzee wako wa West Virginia wamo. Hao wawili ndio ningetaka kuwaona wamekaa meza moja.

Septemba 2025 wizara ilitangaza kuacha ripoti yake ya kila mwaka, ileile iliyonipa zile asilimia. Serikali isipohesabu, na sisi tukafuta maneno, pengo litaonekana wapi?

Alhamisi tunakutana tena. Neno kwenye tovuti wakilifuta nitabishana, ila sitasusa. Viti viwili vya bodi kwa watu wa foleni, hapo sirudi nyuma. Saa za kufungua nimezichukua kama ulivyosema, nitaomba Jumatano jioni. Na hilo bango, dada, nitauliza kwa nini kwetu halijawahi kubandikwa kwa Kiswahili.