Tupeane uzoefu: uliosoma nje, ulitembeaje na mfuko umetoboka?

Mleta mada (Leipzig, Ujerumani)

Wakuu, salaam. Likizo ya muhula imeanza huku, na mimi kama kawaida nina hela ya kula tu. Nyumbani wanaamini aliyeko Ulaya kila wikendi yuko Paris. Juzi shangazi kanipigia kuuliza kama mnara wa Eiffel nimeshauona. Nikamjibu nimeuona, kwenye kikombe cha chai cha mwenzangu wa chumba.

Mwaka huu nimeapa nitatembea. Kila aliyepita njia hii aweke stori yake: ulikuwa wapi, ulitumia nini, na hasa uliumia wapi. Zile za "kata tiketi mapema" tunazijua, msituletee.

Naanza na yangu. Hapa kuna tiketi ya mwezi inaitwa Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, mwaka 2025 ikawa 58, 2026 ikafika 63. Sisi ambao vyuo vyetu vimeingia kwenye mpango wa wanafunzi tunalipa asilimia 60 ya bei hiyo, imo humo humo kwenye michango ya muhula. Unapanda basi, tramu na treni za mikoa nchi nzima mpaka uchoke. Treni za kasi, ICE na IC, hazimo. Kwa hiyo Berlin, ambako wenye nazo wanafika kwa saa moja na robo, mimi nakwenda karibu saa tatu na kubadilisha treni njiani. Sina neno, muda ninao.

Sasa kuumia. Tiketi hiyo hiyo inavuka mpaka hadi stesheni ya Salzburg, Austria. Desemba tukatoka Munich watatu, mikate na mayai ya kuchemsha kwenye begi, tukaenda kushangaa milima. Kwenda hakuna aliyetuuliza kitu. Kurudi, treni ikasimama Freilassing, kituo cha kwanza upande wa Ujerumani, wakaingia polisi. Nina kadi ya ukaazi, ila pasipoti nimeiacha kwenye droo Leipzig "isije ikapotea". Kumbe ukivuka mpaka, kadi haitembei peke yake. Wenzangu wakaendelea na safari, mimi nikashushwa. Wakakagua, wakapiga simu, wakanielewa, wakaniachia, lakini treni ya mwisho ya kuunganisha ilikuwa imeshaondoka. Nililala stesheni ya Munich nimekumbatia begi kama abiria wa stendi ya Ubungo enzi zile.

Haya, leteni za kwenu.

Dada wa Leeds

Pole sana kaka, lakini nimecheka kwa sauti maktabani.

Mimi ni Mkenya, niko Uingereza, na yangu ni ya viza. Nilipata tiketi ya ndege kwenda Milan na kurudi kwa pauni 31. Nikailipia saa ile ile, nikawatangazia watu wa darasa. Halafu ndiyo nikakumbuka mimi si kama hao wenzangu. Viza ya Uingereza haikupeleki nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, hata kidogo. Ada ya viza yenyewe ni euro 90 tangu Juni 2024, na kampuni inayopokea maombi nayo inataka chake. Bado bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, barua ya chuo, na nauli ya kwenda kuweka alama za vidole. Nafasi ya miadi niliyopata ilikuwa wiki mbili *baada* ya safari. Pauni 31 zikaenda na maji.

Nilinuna wiki nzima, kisha nikaamua kuimaliza Uingereza kwanza. Hapo ndipo nikakutana na ile kadi ya vijana, 16-25 Railcard, inayokupunguzia theluthi ya nauli ya treni. Na msidanganywe na jina. Mimi nina miaka 34 na watoto wawili Eldoret, lakini mwanafunzi wa muda wote anaruhusiwa hata akiwa amepita 25, chuo kinathibitisha tu fomu. Mtego wake ni asubuhi: siku za kazi, kuanzia saa kumi na nusu alfajiri hadi saa nne, nauli haishuki chini ya pauni 12, kwa hiyo safari fupi haikupunguzii kitu. Julai na Agosti ndiyo wanaliondoa sharti hilo. Mimi siku hizi naondoka saa nne na dakika tano, nimeshiba uji.

Makumbusho makubwa mengi ni bure. Edinburgh nilitembea siku nzima, nikatumia pesa ya chai na skonzi pekee. Kwenda London napanda basi la usiku, kitanda cha hosteli nakiruka. Shingo inauma, lakini shingo ni yangu.

Mdau wa kimya

Nafuatilia. Leteni na za Asia, si wote tuko kwenye euro.

Mtoto wa Pune

Asia hiyo, nakuja. Nimesoma Pune miaka mitatu, nikaizunguka India kwa daraja la Sleeper. Ni behewa la vitanda vya kukunja, ngazi tatu, halina kiyoyozi, madirisha yana nondo, na kila baada ya nusu saa kuna mtu anapita akiita "chai, chai". Nauli yake hata mwenye boom (hela ya mkopo wa chuo) lililochelewa anaimudu.

Kazi ni kuipata hiyo tiketi. Zamani zilifunguliwa siku 120 kabla ya safari, tangu Novemba 2024 ni siku 60, na zinakwisha kama maandazi ya shuleni. Ukichelewa kuna Tatkal, tiketi za dharura zinazofunguliwa siku moja kabla: saa nne asubuhi kwa mabehewa ya kiyoyozi, saa tano kwa Sleeper. Tulikuwa tunakaa watu wanne, kompyuta nne, tunahesabu sekunde. Saa tano na dakika tatu mara nyingi kumebaki orodha ya kusubiri, na iliyokatwa mtandaoni isipothibitishwa inajifuta, huruhusiwi hata kupanda.

Kati ya kitanda kamili na kusubiri kuna kitu kinaitwa RAC. Unapanda, lakini kitanda kimoja cha pembeni mnapewa wawili, mnakaa mmeelekeana hadi kipatikane kitanda cha asiyesafiri. Mimi nilipangwa na bibi mmoja, safari ya Delhi, zaidi ya saa ishirini na nne. Hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja. Usiku akanionyesha kwa mikono nilaze miguu upande wake naye alaze upande wangu, tukalala mzungu wa nne. Asubuhi akafungua vyombo vya bati, akanilisha chapati na achari hadi nikaomba msamaha. Kushuka kwake akanishika kichwa, akasema maneno ambayo mpaka leo sijui maana yake.

Maumivu yangu? Mawili. Moja, nyumba ndogo za wageni. Ukishalipia, unafika saa tano usiku unaambiwa "hatupokei watu wa nje", kwa sababu mgeni anajaziwa Fomu C kwa wakuu wa uhamiaji na wengine hawataki usumbufu. Siku hizi napiga simu kwanza, naulizia fomu kabla ya bei. Mbili, Taj Mahal: Mhindi rupia 50, mgeni 1,100, na ukitaka kuingia ndani kwenye kaburi ongeza 200. Nilionyesha kitambulisho cha chuo, nikatabasamu, nikaongea Kihindi changu cha sokoni. Mkata tiketi akatabasamu pia. 1,100.

Na nyongeza kwa mnaorudi India kutoka likizo Bongo mkipitia nchi yenye homa ya manjano: kadi ya chanjo! Rafiki yangu alipata tiketi ya bei ya kutupa inayopitia huko, kadi akaiacha Tabata. Chanjo alichoma, ila kwa maneno tu hawakuelewi. Wanaweza kukuweka karantini hadi siku sita.

Mzee wa Wuhan

Mtoto wa Pune, wewe ulipata nusu kitanda unalalamika? China kuna tiketi ya *kusimama*. Kiti kigumu kikiisha kwenye zile treni za taratibu wanakuuzia tiketi isiyo na kiti, bei ile ile ya mwenye kiti! Nimesimama Wuhan hadi Guangzhou, zaidi ya saa kumi, kipindi cha Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, mwaka mpya wao, nchi nzima inarudi kwao. Wenyeji wanajua, wanakuja na vigoda vya kukunja. Mimi nimekuja na miguu yangu. Kuna mama kanihurumia, kanipa ndoo yake ya plastiki nikaifunika na kuikalia. Maji ya moto ni bure ndani ya treni, kwa hiyo tambi za kopo unakula hadi unafika Xiaobei, mtaa wa Waafrika wa Guangzhou, unatafuta ugali.

Mkerewe wa Kampala

Mimi safari yangu ni Mwanza–Bukoba–Mutukula–Kampala, sina makuu. Nasema moja tu: hela usibadilishe na anayekukimbilia basi likisimama mpakani Mutukula. Alinihesabia shilingi za Uganda mbele ya macho yangu, noti za katikati kumbe zimekunjwa, kila moja imehesabiwa mara mbili.

Aliyefika Paris

Mleta mada, wewe una kadi ya ukaazi ya Ujerumani, unalia nini? Kadi na pasipoti pamoja zinakupitisha Schengen nzima siku 90 ndani ya kila 180, huombi viza. Dada wa Leeds angekuwa na yako angekuwa Milan.

Ila angalia jina la uwanja. Mimi tiketi iliandikwa Paris, nikashushwa Beauvais, karibu kilomita 80 nje ya mji. Basi la kuingia mjini likawa ghali kuliko ndege. Kurudi nikawahi saa mbili kabla, tiketi iko kwenye simu, nikapanga foleni ya ukaguzi kama wazungu. Getini dada ananiuliza, "Muhuri wa viza uko wapi?" Kumbe shirika lile lilitaka sisi wa pasipoti za nje ya Ulaya tupite kwanza dirishani kwao tukaguliwe nyaraka. Imeandikwa, kwa herufi za sisimizi. Nikarudi mbio, nikagongewa muhuri, geti limefungwa.

Lakini makumbusho ya Louvre niliingia bure. Walio chini ya miaka 26 wanaoishi nchi za eneo la uchumi la Ulaya hawalipi, na mkaazi ni mkaazi, hawaangalii pasipoti ya wapi. Nilionyesha kadi, basi.

Mleta mada

Nimetimiza 27 Novemba. Louvre imenipita.

Nimefungua tovuti ya Interrail, ile tiketi ya kuzunguka Ulaya kwa treni: bei ya vijana inafika hadi 27, na wakaazi tunaruhusiwa, kwa hiyo nina miezi minane. Ila hata hiyo kwa sasa siiwezi. Nimepata basi la usiku Leipzig–Praha, linarudi Jumapili. Mikate nimeshafunga. Pasipoti iko mfuko wa ndani wa koti, nimeigusa mara tatu tangu nianze kuandika hapa.