Mvinyo wa vijiziwa vya magadi au wa Dodoma: upi unafaa menyu ya samaki?

Stoo_Shangani: Wenzangu wa baa na jikoni, nalinganisha chupa tatu. Ya kwanza ni mvinyo mtamu wa Illmitz, Austria. Ya pili Welschriesling, mweupe mkavu wa huko huko. Ya tatu Chenin Blanc, mweupe mkavu wa Dodoma. Muuzaji anadai mbili za mwanzo zina chumvi ya vijiziwa vya magadi vya huko ndani yake, kwa hiyo zimeumbwa kwa ajili ya pweza. Kuna ukweli?

Baa_ya_Jambiani: Hayo maneno ya kuuzia, kaka. Chumvi ya ziwa haipandi mpaka glasini. Eneo hilo linaitwa Seewinkel, mashariki ya ziwa Neusiedl, na vijiziwa vyake vya magadi vina kina kifupi mno. Kiangazi vingi hukauka vikabaki unga mweupe. Mzabibu ukipandwa kwenye udongo ule, mizizi inashindwa kuvuta maji, na kloridi ikijazana, majani yanaungua kuanzia kingoni. Mavuno huanza kushuka chumvi ya udongo ikipita kama 1.5 dS/m (kipimo cha chumvi kwa jinsi udongo unavyopitisha umeme). Ndiyo maana wakulima hutafuta matuta ya mchanga na kokoto.

Kinachofanya ule wa kwanza uwe mtamu ni maji yenyewe. Ziwa kubwa, Neusiedl, lina kina cha wastani wa mita 1 hivi, na penye kina zaidi halifiki mita 2, kwa hiyo linapata joto upesi na kutoa mvuke mwingi. Oktoba na Novemba usiku ukipoa, ukungu unatanda juu ya zabibu. Mchana jua na upepo vinazikausha. Zamu hiyo ndiyo anayoitaka kuvu wa botritisi: anatoboa ganda, maji yanatoka, sukari na uchachu vinabaki vimekolea. Ukungu usipoondoka mchana, kuvu huyo huyo anaozesha kichala kizima, na bakteria wa siki hawako mbali.

BiMkunazini: Soma lebo kabla ya bei. Trockenbeerenauslese, daraja la juu la mvinyo mtamu, inatakiwa na sheria ya Austria ifike KMW 30, yaani gramu 30 za sukari katika gramu 100 za juisi kabla ya kuchachuka. Beerenauslese, daraja la chini yake, ni 25, bei yake nafuu, na kwa mgahawa inatosha kabisa. Chupa ya ml 375 ukimimina ml 60 unapata glasi sita. Ipoze nyuzi 8 hadi 10. Ikiwa baridi zaidi harufu inajificha.

Haluwa usiikaribishe hapo. Kitu kikiwa kitamu kuliko mvinyo, mvinyo unaonekana mchachu na mwembamba. Embe bivu lililokamuliwa ndimu, sawa. Jibini yenye kuvu wa buluu, sawa zaidi.

Jiko_Wete: Kwa pweza mimi niko na Welschriesling. Chumvi ya chakula inapunguza ukali wa mvinyo mchachu, kwa hiyo chumvi inayotafutwa tayari iko kwenye sahani. Pweza wa kukaanga au wa kuchoma, huo huo. Wa nazi wenye pilipili, angalia kilevi: kikizidi asilimia 13 mwasho unapanda, na mteja atalaumu jiko.

Zabibu_Bara: Dodoma isidharauliwe. Nako kuna chumvi: bonde la Bahi halina njia ya kutoa maji, na bwawa la Hombolo maji yake yanajulikana kwa chumvi, ukimwagilia nayo bila kusafisha udongo, chumvi inajilimbikiza kwenye mizizi. Ila ukungu wa Oktoba na Novemba kama wa Illmitz haupo, kwa hiyo mtu asitarajie utamu wa botritisi. Mavuno ni mawili kwa mwaka. Ya Februari na Machi yanakutana na mvua: zabibu zinavimba maji, sukari inashuka, nyingine zinaoza. Ya Julai hadi Septemba ni makavu na safi. Muulize muuzaji chupa ni ya mavuno gani. Akibabaika, onja kwanza.

Stoo_Shangani: Ahsanteni. Na mzigo ukikaa bandarini Malindi hapa Unguja juani?

Baa_ya_Jambiani: Kagua kila katoni kabla ya kusaini. Kizibo kilichosukumwa juu ya mdomo wa chupa, au unata shingoni, ni joto hilo. Mweupe mkavu ulioanza ukahawia, rudisha. Ule mtamu rangi ya dhahabu ni yake, usiukatae kwa hilo. Tazama kizibo tu.

BiMkunazini: Na chupa zenye kizibo cha gome zilazwe, kaka. Stoo isizidi nyuzi 18, mbali na jiko.